Sufuria Ikichemka, Ipua: Namna ya Kutengeneza na Kutumia Kapu la Joto

Maharage yakishachemka sawasawa, moto umemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Kinachoivisha punje ni joto lililomo ndani ya maji, na joto hilo likilindwa lisitoroke, punje itaendelea kuiva hata kama jiko limezimwa. Lakini tulivyozoea ni kuendelea kuongeza mkaa kwa muda wa saa mbili au tatu. Mvuke unatoka kwenye mfuniko, maji yanapungua, tunaongeza mengine ya baridi, sufuria inapoa, tunachochea upya. Sehemu kubwa ya mkaa tunaonunua inaishia hapo, katika kurudisha joto ambalo tungeweza kulizuia lisiondoke.

Mimi napika chakula cha kuuza hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Wateja wangu ni mafundi ujenzi, vijana wa bodaboda na walimu, na wote wanataka wali maharage wa moto ikifika saa saba mchana. Siku hizi maharage na makande yangu yanaivia ndani ya kapu la joto, yaani kapu lenye mito minene ndani inayozuia joto la sufuria lisitoroke. Yaliyokuwa yakila sado zima la mkaa sasa yanakula chini ya nusu, na asubuhi ninapata nafasi ya kuchambua mchele na kukata mboga badala ya kukaa kando ya jiko nikiangalia maji.

Mwanangu wa sekondari alinipigia hesabu kwenye daftari lake la fizikia. Kuichemsha lita moja ya maji ya bomba kunahitaji kiasi fulani cha joto. Kuyageuza maji hayohayo yote yawe mvuke kunahitaji joto jingine zaidi ya mara saba ya lile la kwanza. Kwa hiyo kila kikombe cha maji unachoongeza kwa sababu maharage yamekaukia ni mkaa ulioununua ukapaa darini.

Na mkaa wenyewe una gharama ambayo haionekani sokoni. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano mpaka kumi za mti. Mwingi unaoingia mjini kwetu unatoka kwenye misitu ya miyombo ya Mvomero na Kilosa, na mwingine unapita tu hapa ukielekea Dar es Salaam. Simlaumu anayechoma, kwa sababu anachoma kwa kuwa mimi nanunua. Taarifa za serikali zimetaja upotevu wa misitu wa zaidi ya hekta 400,000 kwa mwaka nchini. Mimi siwezi kupanda hekta hizo, lakini naweza kukataa kuchoma mkaa kwa ajili ya mvuke.

Jambo lenyewe si geni. Bibi yangu kule Matombo alikuwa akiipua chungu cha mbaazi, anakizungushia majani makavu ya mgomba na gunia, kisha anakwenda shamba. Ulaya walionyeshwa sanduku la kupikia la Kinorwe kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867, na wakati wa vita kuu zote mbili watu wengi huko walipikia kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa ya mgao. Afrika Kusini, tangu 2008, unauzwa mfuko wa kitambaa uitwao Wonderbag unaofanya kazi hiyohiyo. Kenya vikundi vya akina mama wamefundishana kutengeneza makapu haya kwa miaka mingi. Sisi tuna ukindu, tuna sufi, tuna mafundi cherehani kila kona. Hakuna cha kuagiza nje.

Kulitengeneza

Anza na sufuria, kisha tafuta kapu. Chukua sufuria unayoitumia kila siku kwa maharage, ile ya kawaida isiyo na mikono, nenda nayo sokoni. Mimi nilikwenda na yangu Soko Kuu la Chifu Kingalu nikaitumbukiza kwenye makapu mpaka nikapata linalofaa. Kapu likishaipokea sufuria, nafasi inayobaki kuzunguka pande zote iwe upana wa kiganja, vidole vinne na kidole gumba. Chini ibaki nafasi kama hiyo, na juu vilevile. Kapu la ukindu lililosukwa likabana ni zuri kuliko la plastiki, kwa sababu ukindu hauyeyuki na unapitisha unyevu kidogo, kwa hiyo kapu halivundi. Usinunue lenye mdomo mwembamba. Utahangaika kuingiza sufuria ya moto, na mkono utaungua.

Wanaopikia watu wengi watumie tenga, yale matenga ya nyanya zinazoshuka kutoka Mgeta. Tenga lina matundu, kwa hiyo kwa nje lizungushie mfuko wa salfeti ili upepo usipite. Salfeti ikae nje kabisa, isiguse sufuria.

Sasa kitu cha kujaza. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa isiyoweza kutembea, kwa hiyo chochote kilicho chepesi, kikavu na chenye vinyweleo kinafaa. Cha kwanza kwangu ni sufi. Msufi ukipasuka vitumba wakati wa kiangazi unaweza kuokota bure chini ya mti, ukatoa mbegu zile nyeusi, ukaianika. Sufi ni nyepesi, hainywi maji haraka, na inarudi kujaa ukiipigapiga. Ubaya wake ni kwamba inashika moto upesi sana, na hilo nitalirudia.

Usipopata sufi, nenda kwa fundi cherehani umwombe mabaki ya vitambaa. Wengi wanayatupa au kuyachoma. Yachane vipande vidogo, usiyasindilie. Blanketi kuukuu linafaa, na sponji ya godoro lililochakaa inafaa ikikatwa vipande. Pumba za mpunga, ambazo huku kwetu zimejaa kwenye mashine za kukoboa, zinafaa zikiwa kavu kabisa, lakini ni nzito na zinashuka chini baada ya muda, kwa hiyo zishonee kwenye vifuko vidogovidogo badala ya mfuko mmoja mkubwa. Majani makavu ya mgomba yatakusaidia kwa miezi michache, kisha yatasagika na utalazimika kuyabadilisha.

Utashona vitu vitatu. Cha kwanza ni mto wa chini, wa duara, wenye ukubwa wa kitako cha kapu. Cha pili ni mkanda mrefu mnene wa kuzunguka ukuta wa ndani. Cha tatu ni mto wa juu, nao uwe mkubwa kupita mdomo wa kapu, ili ukiukandamiza ujae na kuziba kila upenyo. Mto wa juu ndio unaohitaji uangalifu kuliko vyote, maana joto jingi hutorokea juu. Nikiona kapu la mtu halipiki vizuri, naangalia mto wa juu kwanza, na mara nyingi nakuta ni mwembamba au ni mdogo.

Kwa kitambaa, tumia pamba. Kaniki ni nzuri kwa sababu haionyeshi masizi na inavumilia kufuliwa. Shuka la zamani la pamba linafaa. Vitambaa vya nailoni na mitandio inayoteleza usiviweke ndani, maana sufuria inayotoka motoni ikivigusa vinaweza kuyeyuka. Shona kila mto kwenye foronya yake inayovulika, ufue foronya bila kulowesha sufi.

Mkanda wa ukutani ugawe kwa mishono ya wima, kama kiganja kimoja kati ya mshono na mshono. Usipofanya hivyo, sufi yote itashuka chini na juu pabaki kitambaa kitupu. Jaza kila chumba mpaka ukikibonyeza kidole kirudi chenyewe. Kikiwa kigumu umesindilia mno na hewa imetoka.

Kabla ya kupikia chakula cha watu, lijaribu kapu lako kwa maji. Jaza sufuria, chemsha, funika, weka ndani, funga, uende kwenye shughuli zako kwa muda wa saa nne. Ukirudi, funua na uguse maji kwa ncha ya kidole. Yakiwa ya moto kiasi kwamba kidole hakivumilii hata kuhesabu mpaka mbili, kapu limekubali. Yakiwa ya uvuguvugu, ongeza sufi kwenye mto wa juu na ujaribu tena.

Kupika nalo

Kila chakula kina utaratibu mmoja: chemsha kwa nguvu, acha kitokote kwa muda wake huku kimefunikwa, ipua, futa kitako cha sufuria, weka kwenye kapu mara moja, funga, usifunue. Kile cha mwisho ndicho kinachowashinda wengi. Tumezoea kufunua sufuria na kukoroga kila mara. Kwenye kapu, kila ukifunua unatoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha. Panga muda wako, ondoka jikoni, waambie na watoto.

Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kingi kina joto jingi na hupoa polepole, chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa kabla hakijaiva. Ukipika kidogo, tumia sufuria ndogo na ujaze nafasi iliyobaki kwa khanga au taulo. Mfuniko nao ukae vizuri. Mifuniko yetu mingi imepinda. Kama wako unacheza, tandaza kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa juu ya sufuria, kisha ukandamize mfuniko juu yake.

Maji yapunguze. Kwenye jiko unaweka ya ziada kwa sababu yatakaukia, kwenye kapu hayakauki. Mimi hupunguza kama robo. Chumvi na nyanya ziingie mwisho, wakati wa kuunga, maana nyanya ikiingia mapema maharage yanakataa kulainika.

Maharage yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, weka mapya. Yachemshe kwa nguvu, si kwa kutokota taratibu, kwa dakika ishirini. Hapa usinipunguzie hata kidogo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayosokota tumbo na kutapisha, na inavunjwa na kuchemka kwelikweli kwa angalau dakika kumi. Joto la chini ya kuchemka haliivunji. Ndiyo maana hairuhusiwi kutia maharage kwenye maji ya uvuguvugu na kuyafungia kapuni ukitumaini yataiva. Baada ya zile dakika ishirini, yaipue, yafunge kwa muda wa saa tatu. Ya njano kwa kawaida yatakuwa yamelainika. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yatakuwa bado na kiini kigumu: yarudishe motoni yachemke dakika kumi, kisha kapuni tena saa moja. Hata hapo umetumia moto kidogo kuliko zamani. Magadi sikushauri, kwa sababu yanalainisha maharage lakini yanaua baadhi ya vitamini zake.

Choroko na kunde ni nyepesi. Zikilowekwa, dakika kumi za kuchemka na saa moja na nusu ya kapu zinatosha. Mbaazi kavu zihesabu kama maharage.

Makande ndiyo chakula ambacho kapu limekifanyia haki kuliko vyote. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vilowekwe pamoja tangu jioni. Alfajiri vichemke dakika arobaini, kisha kapuni mpaka saa tano asubuhi. Navifunua, navichemsha tena dakika kumi na tano, navirudisha. Saa saba naunga kwa kitunguu na nyanya, na tui zito naliweka wakati huo, sufuria ikiwa motoni. Usiliweke tui kapuni tangu asubuhi. Tui huchacha haraka kuliko vitu vingine vyote nilivyotaja.

Wali hufuata njia yetu ileile mpaka ile hatua ya kupalia makaa. Maji yakishachemka na mafuta na chumvi, tia mchele, koroga mara moja, funika. Maji yakishuka mpaka kulingana na mchele, na bado unaona yanatokota kwenye vishimo, hapo ndipo ungepunguza moto chini na kuweka makaa juu ya mfuniko. Badala yake ipua na uweke kapuni dakika arobaini. Unatoka umechambuka na haujaungua hata punje. Ila ukoko hutaupata. Nyumba yenye watoto wanaogombania ukoko itabidi iuache wali motoni dakika chache zaidi kabla ya kuuipua.

Nyama ya ng'ombe ikatwe vipande vya kawaida, ichemke nusu saa, kapuni saa tatu. Utumbo na makongoro yanataka zaidi, na ninayachemsha mara mbili. Ndizi na viazi ni dakika kumi kisha saa moja. Uji wa dona kwa watoto ukishachemka na kukorogwa dakika tano, unakaa kapuni na kumalizika kuiva wakati mnaoga na kuvaa sare.

Ugali haupikiki humo, unahitaji moto na mwiko. Chapati na maandazi ndiyo kabisa. Mchicha na matembele yanaiva kwa dakika chache, kuyaweka kapuni ni kuyaharibu rangi. Lakini ugali ukishaiva, ukifunikwa kwenye sahani ya bati na kuwekwa kapuni, utamkuta baba anayerudi kazini usiku bado ukiwa wa moto.

Kwa ndugu walioko nyanda za juu, Njombe, Makete na Mbeya: kule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, karibu na 94 kwenye sehemu zenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Sufuria inaanza safari ikiwa na joto pungufu, na hewa ya nje ni baridi. Ongezeni nusu ya muda wa kuchemsha niliotaja, na mto wa juu uwe mnene zaidi.

Mambo mawili ya hatari

La kwanza ni moto. Sufuria inayotoka kwenye mkaa inaweza kuwa imebeba kaa dogo kwenye kitako, na sufi inawaka kama petroli. Kabla ya kuiweka kapuni, iweke kwanza juu ya sakafu au kwenye mchanga, futa kitako kwa kitambaa kilicholoweshwa, angalia kwa macho. Hatua hii ni ya sekunde chache na usiiruke hata ukiwa na haraka. Kapu lenyewe likae mbali na jiko.

La pili ni chakula kuharibika. Vijidudu vinavyoumiza tumbo huzaliana chakula kikishuka chini ya nyuzi 60, na hupenda sana uvuguvugu. Kapu zuri linakaa juu ya hapo kwa muda wa saa nne au tano. Kwa hiyo usilifanye kabati la kulalisha chakula. Ukifunua na mvuke ukakupiga usoni, kula. Ukifunua ukakuta ni moto wa wastani na hujazidisha muda, kichemshe dakika kumi ndipo ukipakue. Ukikuta ni cha uvuguvugu na hujui kimekaa hivyo tangu saa ngapi, kimwage. Wali uliobaki unahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu una vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiupasha tena. Utoe kapuni, utandaze upoe haraka, uuweke mahali pa baridi. Mimi nauza chakula, na mteja amenikabidhi tumbo lake. Afadhali nipoteze sufuria moja kuliko kumlaza mtu.

Mkaa unaobaki

Ukishaipua mapema, jikoni kunabaki makaa mazima yanayowaka. Usiyaache yafe yenyewe na usiyamwagie maji, yatapasuka kuwa chengachenga. Tafuta debe la bati lenye mfuniko unaobana, yakusanye kwa koleo, funika. Yakikosa hewa yanazima kwa dakika chache, na kesho yanawaka upesi kuliko mkaa mpya. Debe likae nje, juu ya udongo, mbali na watoto. Wala usiingize jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya kuota moto wakati wa baridi. Hewa yake haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini, na karibu kila msimu wa kipupwe tunasikia msiba wa namna hiyo.

Jiko lenyewe liwe lenye ukuta wa udongo ndani. Lile la bati tupu linapasha hewa ya jikoni kuliko sufuria. Tofauti utaiona siku ya kwanza kwa kuweka kiganja karibu na ubavu wake.

Wapo watakaosema zama za mkaa zinaisha, tuhamie gesi. Nakubaliana nao. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi mwenyewe nina mtungi wa kilo sita kwa ajili ya chai na mboga. Lakini maharage ndiyo yanayomaliza mtungi, na ndiyo yanayomrudisha mtu kwenye mkaa gesi ikiisha katikati ya mwezi. Mwenye kapu anachemsha maharage yake dakika ishirini kwenye gesi, anazima. Shoga yangu jirani amehamia gesi kabisa kwa njia hiyo, na kabla ya kapu alikuwa ananiambia haiwezekani kwa familia ya watu saba.

Kulitunza ni kazi ndogo. Kila baada ya kupika, toa mto wa juu uupepee, maana umenyonya mvuke. Mara moja kwa wiki anika mito yote juani mpaka ipate harufu ya jua. Wakati wa masika hili ni la lazima, la sivyo mito itaota ukungu na chakula kitanuka. Sufi ikishikana mafundo, fungua mshono mmoja, ichambue kwa vidole, shona tena. Mchuzi ukimwagika ndani, vua foronya ufue siku hiyohiyo, siafu na mende wasijue njia.

Na kama leo huna kapu, huna sufi wala fundi, chukua blanketi zito na boksi la karatasi. Tandaza blanketi ndani ya boksi, weka sufuria iliyofutwa kitako na kufunikwa vizuri, kunja blanketi juu, weka mto wa kitandani, funga boksi. Anza na viazi au wali, uache maharage mpaka upate kapu lenyewe, kwa sababu boksi halishiki joto kwa muda mrefu. Ukiona wali umeiva bila makaa juu ya mfuniko, peleka sufuria yako sokoni ukapime kapu.